Nzuri, Ila Bomu Lililipuka

Wiki hii, kwenye kibanda cha chai pale Msata nilipokuwa nikisubiri basi, mama muuza chapati alimpokea mtoto wa kaka yake aliyetoka masomoni Ulaya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Wenyeji wako hawajambo?"

"Hawajambo. Ila magaidi walilipua bomu sokoni, nami nilikuwepo. Watu walikufa."

Chapati ikaungua. Sisi watu wa Pwani, hata kiama kikisimama, tutaanza na "nzuri".

"Polisi alinikuta chini ya meza," kijana akaendelea. "Akaniuliza hali yangu. Nikamjibu, 'Nzuri, sijui yako?'"

Shangazi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. "Ehe, naye akasemaje?"

"Alikaa chini palepale, akalia. Alisema tangu bomu lilipuke hakuna aliyemwuliza."

Shangazi akamwekea chapati nyingine, nzima.

Mimi nikaenda kukata tiketi. Nilimwuliza mkata tiketi hali yake, na safari hii nikasubiri jibu. Akanieleza ya mgongo, ya mkwe na ya mwenye nyumba. Basi langu lilipoondoka, tulilipungia mkono pamoja.