Mbuzi Niliyemtafuta Kwenye Mgagani

Kwetu Usukumani mwanamume hachumi mboga. Maji atachota akilazimika, kuni atapasua hata mbele za watu, lakini kuinama porini anachuma mgagani, hapana. Ndiyo maana asubuhi ile nilitoka majirani hawajaamka, kanga ya mke wangu nimeificha ndani ya shati kama mwizi.

Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, hapa Mwakitolyo nilikokuja kuchimba dhahabu. Alikuwa amepoteza damu nyingi na chakula kilikuwa hakipiti. Nilimletea nyama, akageuza uso ukutani. Alichotaka ni mgagani wa porini, uchemshwe mpaka uchungu utoke, kisha uungwe kwa maziwa. Mama yake tulimtarajia kesho yake. Nilimwangalia alivyokuwa ameishiwa nguvu, nikaona kesho ni mbali.

Niliupata mwingi kwenye zizi la ng'ombe lililohamwa, umestawi juu ya samadi. Nilikuwa nimechuchumaa, kanga imejaa, niliposikia mtu anakohoa.

Mama mkwe! Hakuweza kungoja kesho. Alikuwa ameshuka bodaboda barabarani na sasa anakatiza kwa miguu kuja kwetu.

Mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hukaa kando. Basi akanipa mgongo haraka, akasema kwa sauti ya chini, "Mwangaluka."

Ningeitikia tu hiyo salamu ya asubuhi, yangeisha. Mimi nikaisukumia kanga kwenye nyasi pamoja na mgagani wote, nikasimama, nikatangaza kwamba natafuta mbuzi. Nikaanza na kumwita, "Mee! Mee!" huku nakimbilia upande wa pili. Mtu mzima, baba wa mtoto.

Nilizunguka njia ndefu kurudi nyumbani. Aibu ya kuonwa ilikuwa imeniwasha masikio, lakini njiani ikaja nyingine mbaya zaidi: nilikuwa nimetupa chakula cha mgonjwa ili nisionekane nimekishika. Sikuwa na uso wa kuingia ndani. Nikakaa nyuma ya nyumba, karibu na dirisha, nikisikia sufuria inachemka na harufu ya mgagani inatoka.

"Kula polepole," mama mkwe alikuwa anamwambia binti yake. "Umechumwa vizuri, ila maua hakuyatoa. Nimeyatoa mimi."

"Kachuma nani, mama?"

Nikasikia anakung'uta kanga, ile ile aliyomnunulia mwanawe mwenyewe siku ya kumtoa nyumbani.

"Baba mtoto akirudi," akasema, akipaza sauti kuelekea dirishani, "mwambie mbuzi wake amepatikana."

"Mbuzi?" Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. "Mama, sisi hatujawahi kufuga mbuzi."