Mwiko wa Harusi ya Talib

Kidawa binti Ubwa anakaa Kidichi, na kazi yake ni kuchonga miko. Kazi hiyo aliirithi kwa babake pamoja na shoka, tezo na kisu kilichopinda ncha. Watu walicheka kumwona mwanamke ameshika tezo, lakini wakaendelea kununua. Mumewe, Talib, alimwacha baada ya miaka kumi na moja kwa sababu hakuzaa. Talaka aliituma kwa simu. Mwezi wa tatu baada ya hapo akaposa msichana wa Mkokotoni.

Mwanapili, dada wa Talib, aliona hayo hayatoshi. Alikwenda na wenziwe wawili mpaka barazani kwa Kidawa, mchana kweupe.

"Hodi, fundi!"

"Karibuni."

"Tunataka mwiko mkubwa, wa sufuria ya pilau ya shughuli. Uwe mrefu kama wewe, na usiwe mkavu kama wewe."

Wenziwe wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo.

"Shughuli ya nani?" Kidawa aliuliza, ingawa alijua.

"Ala! Hukusikia? Ya kaka yangu Talib. Tumesema tusimpe mgeni kazi, na mtu wetu yupo. Aliyeshindwa kuzaa mtoto na azae mwiko."

Kidawa alikubali. Wapo waliosema hana haya. Hawakujua kwamba mpishi wa shughuli ile ni Bi Salhiya, anayepika harusi zote kubwa kutoka Kidichi hadi Mkokotoni, na kwamba miko yake ilikuwa imeliwa na moto. Bi Salhiya alikwishamwambia: "Nikiupenda mwiko wa shughuli hii, miko mingine yote utanichongea wewe. Sitotafuta fundi mwengine." Mwanamke aliyeachwa, hana shamba wala ndugu, hawezi kuikataa kazi kama hiyo kwa sababu ya kuchekwa.

Alichukua gogo la mfenesi lililokaa kivulini miezi minane. Akalipasua kwa shoka akiufuata mshipa wa mti, kwa sababu mwiko uliokatwa kinyume na mshipa huvunjika shingoni. Akatoa umbo kwa tezo, akapunguza shingo kwa kisu, akaukwangua kwa kigae cha chupa mpaka ukateleza. Kisha siku saba akaupaka mafuta ya nazi, ukinywa anaongeza. Mti ulioshiba mafuta haunywi maji, na usiokunywa maji haupasuki.

"Usiukoshe kwa maji ya moto," alimwambia Mwanapili alipokuja kuuchukua. "Wala usiuanike juani. Ufute kwa kitambaa tu."

Mwanapili aliunusa. "Una nini huu?"

"Mafuta ya nazi."

"Ya nazi tu?"

"Ya nazi tu."

Mwanapili hakuamini. Mtu aliyekwenda kumdhulumu mwenzake huogopa kulipizwa, na hofu hiyo huiita busara. Kufika kwake aliusugua mwiko kwa jivu na maji yanayochemka ili atoe dawa aliyodhani imepakwa, akauweka juu ya paa la bati siku tatu, jua la saa sita likiupiga.

Siku ya harusi ulivunjika kwenye sufuria ya pili. Bapa lilibaki chini ya wali, na kabla hawajalitoa pilau ikaungua.

"Nilisema mie!" Mwanapili alipiga kelele mbele ya wageni. "Kaufanyia husuda! Bi Salhiya, wewe ndiye mjuzi. Fundi gani mwiko wake unavunjika sufuria ya pili?"

Bi Salhiya alikuwa ameushika mpini. Ulikuwa mweupe, umekauka, jivu limejaa katika nyufa. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Mungu ndiye ajuaye," alisema, akaomba mwiko mwengine.

Anayejua jambo, akaitwa kulisema, kisha akamwachia Mungu ushahidi wake, huyo hakumcha Mungu. Amemkimbia binadamu.

Jioni vipande viwili vilitupwa mlangoni kwa Kidawa. Alipitisha kidole kwenye ufa, akakionja. Kesho yake alivichukua mpaka kwa Bi Salhiya.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba."

"Uliliona jivu?"

"Nililiona."

"Basi mbona hukusema?"

"Mwanapili ana mabinti wanne hawajaolewa, mwanangu. Nikimtia aibu nani atanipa shughuli zile?"

"Na miko yako uliyoniahidi?"

"Watu watakula chakula kilichokorogwa na mwiko wako? Watatema. Nnakupenda, lakini sitaki wanitazame mikono." Akavisukuma vile vipande kwa mguu hadi kwenye kuni zake. "Hivi niachie, mfenesi unawaka vizuri."

Tangu siku ile hakuna jiko la Kidichi linalotumia mwiko wa Kidawa. Anachonga vijiko vya mapambo vya duka la Mahfoudh, Mji Mkongwe, ambavyo watalii huvitundika ukutani. Mara ya kwanza alivipeleka vimeshiba mafuta. Mahfoudh akafuta vidole kwenye shati.

"Mafuta ya nini, Bi Kidawa? Hivi havitoingia chunguni."

Mwezi uliopita Mwanapili aliozesha binti yake wa kwanza, na Bi Salhiya ndiye aliyepika. Kidichi nzima tulialikwa ila nyumba moja, na tulikwenda. Pilau ilikuwa nzuri. Tulikula tukashiba, na njia ya kurudi ikatupitisha mbele ya baraza ya Kidawa, naye amekaa anachonga. Hakuna aliyemsalimu.