Firigisi ya Krismasi

Jogoo wa Krismasi nilimbandika asubuhi mapema, maana kuku wa kienyeji hana haraka na mtu. Mchele ndio uliokuwa na saa yake. Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu Nyarugusu, na tangu mavuno hajakanyaga nyumbani kwetu Shinyanga. Tulikubaliana apige simu akifika Kahama. Hapo nabandika mchele, na akiingia mlangoni anakuta wali umepaliwa makaa juu, wa moto.

Kwangu Krismasi ile ilikuwa na swali moja tu: huko machimboni kuna mwanamke, au hakuna? Sokoni walishanong'ona, na lisemwalo lipo.

Simu ikaja. "Nimefika Kahama, mama watoto." Nyuma yake nikasikia mwiko ukigongwa kwenye sufuria, na kitoto kichanga kikilia.

"Kahama sehemu gani?"

"Stendi."

"Stendi kuna watoto wachanga?"

"Si wa mama lishe huyu hapa! Sasa unanipeleleza?"

Mama lishe, haya. Anapika siku ya Krismasi na mtoto mgongoni. Inawezekana, na hilo ndilo lililonichefua, kwa sababu uongo wote wa mume wangu huwa unawezekana.

Nikabandika mchele. Ukaiva, nikaupalia, makaa yakawa majivu, nikaweka mengine. Watoto nikawanyamazisha kwa ukoko. Mama mkwe, ninayeishi naye, alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akichambua mboga.

"Kahama siku hizi wameihamishia wapi?" akauliza.

Sikucheka. Hata yeye nilimshuku. Damu nzito kuliko maji, na mwana ni wake.

Mume wangu aliingia jua likiwa limeshageuka. Watoto wakamrukia na shikamoo zao, mimi nikatazama shati. Lilikuwa limepigwa pasi, mistari imesimama mikononi. Kule wanalala kwenye maturubai, nguo wanazinyoosha kwa kuzilalia. Nikapakua.

Kwetu firigisi ni ya baba. Mtoto haigusi, mke haionji, na ikikosekana sahanini ni kesi ya kuitana wazee. Mume wangu ndiye hasa haiachii. Mwaka mmoja aliiulizia kabla hatujamaliza kusali. Basi nikaiweka juu kabisa ya wali wake. Siku ya Krismasi huwa tunakula wote mkekani, kwa hiyo kila mtu aliiona.

Akachezea wali kwa vidole. Akala tonge moja, la pili likamshinda. Kisha akaichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya kitindamimba wetu.

"Kula wewe, mwanangu. Baba safari imemchosha."

Mama mkwe akaacha kutafuna. Akamtazama mwanawe kwa muda, wala hakuficha hasira. Halafu akanyoosha mkono, akaitoa firigisi kwa mtoto, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, ng'wana wane, mwanangu," akaniambia. "Huyu ya kwake ameshakula huko alikotoka."

Nilingoja mume wangu abishe. Nilitaka abishe, hata kwa uongo. Akaomba maji ya kunywa.

Nikaitia firigisi mdomoni, nikaitafuna taratibu huku namtazama, na sikuinuka kumletea.