Mkate Juu ya Sinki

Jirani yangu amefunga uzi mwekundu kwenye mwiko wa binti yake, na ole wako ukiugusa. Binti akila hata chembe ya ngano, tumbo humsokota siku nzima, basi ngano haikanyagi jikoni mle. Mama hupika wali, huosha mikono, huinusa, huiosha tena. Hamu ya mkate ikimshinda huja kuula kwangu, ameinama juu ya sinki, jicho mlangoni kama mwizi, kisha husukutua.

Jana binti alimfuma. “Mama, nibusu.” Mama alirudi nyuma, mikono juu, shavu limejaa. “Ngoja, mwanangu, usinisogelee.” Akafungua bomba kwa kiwiko. Mtoto alisimama palepale, akavinusa viganja vyake mwenyewe, akaniuliza taratibu, “Anti, kwani mimi nina nini?”