Aina Mbili za Lindeni

Siku yangu ya kwanza kazini Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipewa sepeto na koti lililonizidi, nikapelekwa Malton kupanda miti kando ya maghala. Nyumbani Tanga nilikuwa bwana misitu. Huko niliwagombeza wanakijiji kila msimu wavue kiriba cha nailoni kabla ya kupanda mche, mizizi isinyongwe.

Baadaye Meneja wa Bustani alinikabidhi jaribio: kupanda aina mbili za lindeni, mti wa kivuli, kwenye uwanja wa maghorofa ya Crescent Town. Moja ina majani madogo. Nyingine, lindeni nyeupe, majani yake yanang'aa upande wa chini. Nipime unene wa mashina kila mwaka, kisha niseme kampuni ipande ipi. Nilijiona mtu tena.

Miti ililetwa na bonge la udongo ndani ya gunia, kamba imezungushwa shingoni mwa shina. Nikatoa kisu. Msimamizi wetu, Mkongomani wa Bukavu, akanizuia.

"Acha iyo kamba, muzee. Itaoza yenyewe. Lori inatungoja."

Nikarudisha kisu mfukoni.

Nilipima miaka minane. Zenye majani madogo zilinenepa. Nyeupe zilidumaa, zikakauka vilele. Niliandika kwamba lindeni nyeupe haifai mji huu. Meneja akaifuta kwenye orodha ya miti ya kupandwa, na miche yake yote bustanini tukaing'oa ikiwa mizima.

Mwaka wangu wa mwisho nilitumwa kuchimbua visiki vya zile nyeupe. Kila kisiki kilikuwa na kamba ya nailoni iliyozama ndani ya mti. Nikafukua chini ya zile za majani madogo, nikakuta nyuzi za katani zilizooza. Mimi, niliyekulia kwenye mashamba ya katani, sikuwahi kuzigusa kamba hizo nikazitambua. Miaka yote minane nililinganisha kamba. Niliona aibu.

Nilimpelekea Meneja kipande cha nailoni.

"Unastaafu Ijumaa," alisema. "Orodha inatumika kila mahali sasa. Kapumzike, mzee."

Sasa naishi Pickering kwa binti yangu. Masika iliyopita walikuja kupanda lindeni za majani madogo mtaani kwetu. Nikatoka kushika kamba. Ilikuwa nailoni. Mpandaji aliniambia kwa upole nisijisumbue, itaoza yenyewe.

Walipoondoka nilipiga magoti na kisu changu. Mtaa una miti arobaini. Mikono yangu iliweza minne.