Kijiti cha Mama Mkwe

Hakuna jambo linaloweza kunishangaza mimi. Nilianza kwa kuchuuza ndizi kichwani kutoka Mbuba, nikapata baiskeli, nikapata tanuru la matofali, na tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nyumba yangu iliezekwa bati kabla ya ile ya mwenyekiti. Shule niliiacha darasa la pili. Kusoma nilimalizia ukubwani, na huko nako niliwatangulia wenzangu.

Vita vilipoanza, askari waliokuwa wakilinda msitu wetu wa hifadhi, huku Kasulo, walipelekwa mstari wa mbele. Msitu ukabaki bila mwenyewe. Watu wakaingia kama sokoni: wa kuni, wa uyoga, wa asali, na wanaokatiza kwenda Biharamulo. Nyati nao walikuwamo. Mkutano wa kijiji ukaomba watu wa kujitolea wakae kwenye mdomo wa njia. Nilisimama wa kwanza.

Utaratibu niliubuni mimi. Anayeingia anavunja kijiti na kukitia kwenye chungu kibovu kando ya njia. Akitoka, anakitoa na kukitupa. Jioni chungu kikiwa kitupu, tunaziba njia kwa miiba na kwenda nyumbani. Kikibaki na kijiti, tunapiga debe na kuingia kutafuta. Hata wageni wa kutoka Shinyanga, waliozoea mbuga, waliukubali.

Siku moja nilikuwa peke yangu. Mwenzangu wa zamu, Msukuma jirani yangu, alikuwa amepeleka ng'ombe mtoni. Nikamwona mama mkwe anakuja na kamba ya kuni. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na mama mkwe hasimami mbele ya mkwe wake. Nikafanya kama mtu mwenye adabu: nikaingia nyuma ya mti, nikaipa njia mgongo. Yeye akajifunika kanga hadi puani akapita mbio. Nilisikia miguu tu.

Jioni chungu kilikuwa kitupu. Tukaziba njia.

Nyumbani mke wangu, mjamzito wakati huo, alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba watoto, mama umemwona?"

"Nimwone mimi? Nani humwona mama mkwe wake?"

"Amekwenda kuni tangu mchana. Hajarudi."

Hapo nikaelewa. Asingeweza kusimama mbele yangu avunje kijiti. Nikachukua debe, nikamwita jirani aje na mkuki na mwenge. Mke wangu alikataa kubaki. Kuita ilikuwa kazi yake, kwa sababu jina la mama mkwe mimi silitamki.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa juu ya kichuguu kikubwa, mzigo wa kuni umetawanyika chini, nyati dume amesimama karibu naye. Nilipiga debe mpaka likabonyea. Nyati akatutazama, akaondoka taratibu kama mtu mwenye shamba lake.

"Mwambie huyo aliye nyuma yako anikatie fimbo," mama mkwe akamwambia binti yake. "Nitatembea mwenyewe."

"Mama, mguu umevimba kama kiazi!"

"Basi huyo mwenye mkuki anibebe."

"Nikikubeba, bibi, nyati akirudi tumchome na nini?" jirani akajibu, kisha akanigeukia. "Haya, tajiri. Mlinzi gani analinda njia kwa kuipa mgongo? Toa huo mgongo sasa, ufanye kazi."

Mama mkwe akavuta kanga hadi puani.

"Mwambie aangalie mbele," akasema.

Nikaangalia mbele. Nilimbeba mpaka kwake, na njia nzima alinielekeza kupitia kwa binti yake: mwambie kuna shimo, mwambie asikimbie, mwambie mbona anahema na anajisifu ana nguvu.

Mguu ulipona. Zamu ya mtu mmoja niliifuta, na mpaka askari wetu waliporudi hakuna aliyepotea tena. Lakini mkwe aliyemgusa mama mkwe lazima amtakase, na wazee wa ukoo wake hawakutaka kusikia habari za nyati. Walidai mbuzi, mtungi wa pombe ya ndizi na doti ya kanga, wakati ambao kanga zilipatikana kwa mlango wa nyuma tu. Nililipa vyote: shilingi mia mbili na kumi na nne na senti hamsini.