Mbuzi wa Kumrudisha Kavenya

Asubuhi ile hakuna aliyewaita kuku. Siku zote Kavenya alisimama mlangoni na ungo wa pumba, akaita kwa sauti nyembamba iliyofika hadi kwenye michungwa ya jirani, na kuku wakaja mbio kutoka kila upande. Sasa walikuwa wamekuja wenyewe, wamesimama wakiutazama mlango. Kiilu aliutazama pia, kutoka ndani, ameketi kitandani. Mpini wa jembe ulikuwa ungali sakafuni pale alipouangusha jana yake. Alimpiga nao mkewe mkononi, na mkono ukatoa mlio. Ukimya wote wa nyumba ile ulijaa mlio huo.

Kavenya alikuwa amekimbilia kwa baba yake, Mzee Mwangangi, ng'ambo ya bonde, hukohuko Lukore ambako Wakamba walipewa mashamba enzi za wazazi wao. Alikwenda na binti yao, Kalondu. Hospitalini walimfunga plasta, akarudi kwa baba yake.

Kwa Kiilu alikuja Eunice, mhudumu wa afya wa kijiji, mama asiyejua kuzungusha maneno.

"Baba Kalondu, mambo ya polisi ni haki ya mkeo, akitaka atakwenda. Mimi nimekuja kwa jambo lako. Kule Kwale kuna wanaume hukutana kila Jumamosi. Waliowapiga wake zao na wanataka kuacha."

"Ni kanisa?"

"Si kanisa wala si korti. Na nikwambie mapema, sikupeleki huko ili mke arudi. Nakupeleka ili usimvunje mtu tena."

Kiilu alikwenda. Moyoni mwake alikwenda ili mke arudi.

Walikutana katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa mikutano mjini Kwale. Aliyewaongoza aliitwa Fondo, Mduruma mpole wa sauti aliyesomea ushauri, na hakuruhusu visingizio. Mgeni alipoanza kusema shetani alimpitia, Jaafar, mpakua samaki mashuani huko Shimoni, alidakia: "Maskini shetani! Kila mke anayepigwa, yeye alikuwepo. Hivi hulala saa ngapi?" Watu walicheka, kisha kicheko kikafa, maana mgeni alipaswa kuanza upya, na safari hii aanze na neno "mimi".

Kiilu alikaa muda mrefu bila kuweza. Kisha Jumamosi moja akasema, "Mimi nilimvunja Kavenya mkono." Baadaye alijifunza kulitambua lile joto linalompanda shingoni kabla mkono haujanyanyuka. Alijifunza kuondoka na kumpigia Fondo simu. Akaanza kujiona msafi. Hapo ndipo alipokosea.

Kwao Wakamba, mume aliyemuumiza mke hupeleka mbuzi kwa wakwe. Wazee huchinja na kula, na wakishakula kesi imekwisha. Mke hukabidhiwa siku hiyohiyo na hakuna anayemuuliza neno. Fondo alikuwa amemwambia, "Usimfuate." Lakini Kiilu aliona kwamba kupeleka mbuzi si kumfuata mtu, ni heshima. Akachagua beberu aliyenona kuliko wote.

Kwa Mzee Mwangangi, Kavenya ndiye aliyewasha moto. Plasta ilikuwa imetolewa na mkono umebaki umepinda, akawa anapepea makaa kwa mkono wa kushoto, akiichoma nyama ya kumrudisha.

"Sasa umekuwa mwanamume," alisema Mzee Mwangangi, akijifuta mafuta midomoni. "We Kavenya! Chukua nguo zako. Mumeo amekuja kistaarabu."

Kavenya alirudi. Nyumbani alijibu "ndiyo" na "haya", basi. Aliketi karibu na mlango, na chakula alikipakua akiwa amesimama. Mchana mmoja Kiilu alinyanyuka ghafla. Upawa ulianguka, na Kavenya akajifunika kichwa kwa mkono ule uliopinda.

"Nataka maji tu, Mama Kalondu."

"Haya," alisema, bila kuushusha mkono.

Jumamosi iliyofuata Kiilu aliwaeleza wenzake wa Kwale. Fondo akauliza, "Alirudi kwa miguu yake, au kwa miguu ya mbuzi?"

Jaafar hakutania. Aliinama akatazama viatu vyake.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza Kiilu.

"Muulize. Na atakalojibu, ulibebe."

Kiilu alimwuliza Kavenya uani, akiwa amesimama mbali naye. "Siku ile ya mbuzi, ungeulizwa wewe, ungekuja?"

"Baba alikuwa ameshakula."

"Nakuuliza wewe."

Kavenya alimtazama Kalondu kwanza. "Nisingekuja."

Joto likampanda shingoni. Akalijua. Akageuka, akaenda hadi kwenye michungwa ya jirani, akaukumbatia mti na kubaki pale mpaka lilipompungua. Aliporudi aliwakuta mama na mtoto wamekwisha kusogea barabarani, wakingoja kuona atarudi vipi.

"Nitakwenda kwa mzee," alisema. "Nitamwambia mbuzi yule hahesabiki. Utakaa utakapo."

Mzee Mwangangi alimsikiliza, macho yakamtoka. "Ulikuja kunichezea? Nyama ilishaingia tumboni, wataka niitapike? Mke harudishwi kama sufuria ya kuazima!"

"Simrudishi, baba. Namwacha aamue mwenyewe."

"Hao wa Kwale wamekufanya mwanamke. Basi sikia. Mimi nilikula nikamkabidhi. Akitoka kwako, kwangu asikanyage."

Hilo Kiilu hakuwa amelifikiria. Alirudi akamweleza Kavenya, kila neno kama lilivyosemwa. Kavenya alifunga nguo katika leso, akaikaza kwa meno kwa sababu mkono wa kulia haukuwa na nguvu.

"Ulinivunja mkono," alisema. "Kisha ukaninyima hata pa kukimbilia kwa baba."

"Ni kweli," alijibu Kiilu. Hakuongeza lolote, wala hakuwasindikiza, kwa kuwa Kavenya alimwambia asiwasindikize.

Siku hizi Kavenya yuko Ukunda, kwa dada yake Kaindi. Anakunja mashuka katika hoteli moja ya Diani, na Kalondu anasoma hukohuko. Mkono haukunyooka. Mzee Mwangangi hajawahi kwenda kuwaona. Kiilu anaishi peke yake Lukore, na Jumamosi huenda Kwale.